Fundi, wacha kufomati laptopu za watu

Manze hii tabia ya "fomati tu, itakaa sawa" iishe. Mtu analeta laptopu ya Ubuntu: akibonyeza faili mara mbili, programu inagoma. Akiiita programu ileile kutoka terminali, inafunguka fiti. Fundi ameona hayo yote kwa macho yake na bado anatoa flashi ainstoli upya! Kazi ya mtu ya mwaka mzima ipotee juu ya mstari mmoja?

Skiza. Vigezo vya mazingira ulivyoandika kwa .bashrc husomwa na bash. Kidhibiti faili, lile dirisha la mafolda, hakikuzaliwa na bash. Kinarithi vigezo vya kikao kilichoanza ulipoingia kwa mashine, na programu kinayofungua inarithi hivyohivyo. Ndiyo maana terminali inajua PATH yako na dirisha haliijui.

Dawa? Nakili faili ya .desktop ya hiyo programu hadi ~/.local/share/applications, kisha mstari wa Exec uanze hivi: Exec=env JINA=thamani, halafu amri yenyewe. (Usiweke $JINA hapo ukitarajia miujiza, Exec haifanyi kazi kama bash.) Ama andika kigezo kwa faili ya .conf ndani ya ~/.config/environment.d, utoke, uingie tena. Hakuna kitu kimefutwa.

Na wewe mwenye laptopu, fundi akishika flashi muulize kama amejaribu terminali. Akianza kukuzungusha, beba mashine yako uende.