Cha Bure Kina Mlipaji Wake

Mwanafunzi wangu mmoja aliniuliza swali lililonikaa moyoni: kwa nini anayejifunza Python hupata kila zana bila kulipa senti, ilhali anayetaka lugha za kompyuta zenye watumiaji wachache hukutana na leseni za bei kubwa, au na zana zilizotelekezwa? Nilikaribia kumjibu kwamba ndivyo dunia ilivyo. Lingekuwa jibu la kivivu.

Wahenga walisema mtu hujikuna ajipatapo. Zana nyingi za bure zilitengenezwa na watu waliozihitaji wenyewe, kisha wakawaachia wenzao. Python, iliyotolewa na Guido van Rossum mwaka 1991, ina mamilioni ya watumiaji; hata akijitolea mmoja tu katika kila elfu, jeshi limepatikana. Lugha yenye watumiaji elfu mbili, kwa hesabu hiyohiyo, hupata watu wawili. Mmoja akiugua, nusu ya kazi imesimama.

Sababu ya pili ni ya kisiasa zaidi. COBOL, iliyobuniwa mwaka 1959, haijakosa kazi. Imekosa watu wa kuichezea nyumbani kwa hiari. Makao yake ni mabenki na ofisi za serikali, ndani ya mitambo mikubwa ambayo mwanafunzi hawezi kuiweka mezani. Taasisi hizo hulipa leseni, basi muuzaji agawe bure kwa lipi? Kompaila huria ya GnuCOBOL ipo, lakini haimpi mwanafunzi mtambo wa benki. Matokeo yalionekana Aprili 2020: maombi ya mafao ya waliopoteza ajira yalipofurika, gavana wa New Jersey, Marekani, aliomba hadharani wajitolee wanaoijua lugha hiyo.

Je, hali hii haina dawa? Tuitazame Ada. Lugha hiyo ilibuniwa kwa mahitaji ya Wizara ya Ulinzi ya Marekani, na kompaila zake za awali zilikuwa ghali. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, Jeshi la Anga la nchi hiyo lilikilipa Chuo Kikuu cha New York kitengeneze kompaila huria. Hapo ndipo ilipozaliwa GNAT, ambayo hadi leo yeyote aweza kuipakua na kuitumia. Ada imebaki lugha ya wachache, lakini fedha ya umma ilizaa mali ya umma.

Hilo ndilo funzo ninalotaka msomaji aondoke nalo. Serikali inayonunua mfumo kwa kodi ya wananchi iweke sharti katika mkataba: zana za kuujenga na kuukarabati ziwe huria. Mwanafunzi asiye na fedha hujifunza kile tu kilicho bure. Kwa hiyo anayeamua kipi kiwe bure ndiye anayeamua nani atajua nini, na uamuzi mzito kiasi hicho haufai kuachiwa muuzaji peke yake.