Moshi Uliopotea Machoni Haujafa

Wahenga walinena kuwa penye moshi hapakosi moto. Waama, hawakukosea. Lakini ipo dhana nyingine iliyozoeleka mijini mwetu ambayo sikubaliani nayo kamwe: kwamba moshi ukishapaa na kutoweka machoni, madhara yake yamekwisha.

Ukweli ni kinyume. Moshi wa taka, makaa na magari hubeba chembechembe na mivuke yenye kaboni. Mivuke hiyo ikipata jua na kukutana na gesi kama ozoni, huchukua oksijeni, ikawa mizito, kisha huganda na kuzaa chembe ambazo hazikutoka motoni. Chembe za awali nazo hubadilika kwa saa na siku, zikavuta unyevu zaidi. Baadhi ya sumu hupungua. Nyingine huzaliwa njiani. Chembe hizo huweza kuelea kwa siku kadhaa hadi mvua izioshe.

Jambo hili si geni. Mapema katika miaka ya 1950, mwanakemia Arie Haagen-Smit alionyesha kuwa ukungu uliokuwa ukiwawasha macho wakazi wa Los Angeles, Marekani, ulitokana na jua kubadilisha moshi wa magari na mivuke ya mafuta. Aliyeukagua moshi huo kwenye bomba la gari pekee asingeuona ukungu.

Nasi je? Jaa la Dandora jijini Nairobi lilitangazwa kuwa limejaa mwaka 2001, lakini taka ziliendelea kumwagwa na kuchomwa humo miaka mingi baadaye. Anayeishi mbali nalo asijidanganye kuwa yu salama. Upepo hautambui mipaka ya mitaa.

Katiba ya 2010, katika kifungu cha 42, inampa kila mtu haki ya mazingira safi. Shirika la Afya Duniani lilipendekeza mwaka 2021 kwamba chembe zisizozidi upana wa mikromita 2.5 zisipite mikrogramu 5 katika kila mita ya ujazo ya hewa, kwa wastani wa mwaka. Haki isiyopimwa hailindwi.

Kwa hivyo, serikali za kaunti hazina budi kupima hewa hata kule moshi unakoelekea, si kwenye chimbuko lake tu. Zaidi ya hayo, zikomeshe uchomaji wa taka na kugeuza mabaki ya vyakula kuwa mbolea. Moshi ukishapaa hakuna awezaye kuurudisha. Dawa ni kuuzuia pale pale unapoanzia.