Mtoto wa kubebewa mimba ugenini atavuka mpaka kwa cheti cha nani?

ZAMANI mtu wa Nchelenge, Pweto au Kilwa ya ng'ambo akikosa mtoto alikuwa na njia tatu: kwenda kwa mganga, kuoa mke mwingine, au kulea mtoto wa dada yake. Siku hizi iko njia ya nne, nayo hupitia kwenye simu ya mkononi na pasipoti. Ni kumtafuta mwanamke katika nchi nyingine akubebee mimba, ajifungue, akukabidhi mtoto, nawe urudi naye nyumbani.

Makala haya hayana nia ya kuwahukumu wanaotamani mtoto kwa njia hiyo. Shirika la Afya Duniani lilieleza mwaka 2023 kwamba karibu mtu mmoja kati ya sita hukumbwa na ugumba au utasa wakati fulani maishani. Hapa kwetu ziwani, mwanamke asiye na mtoto huweza kupoteza ndoa na hata jina, maana jina lake ni "mama fulani". Hoja ya leo ni moja tu. Wengi huuliza bei ya hospitali kwanza na cheti mwisho, wakati ilipasa kuwa kinyume chake. Daktari anaweza kufanikiwa, mtoto akazaliwa mzima, halafu familia ikakwama mpakani.

Kwa ufupi, yai la mke na mbegu ya mume huunganishwa maabara, kisha mimba changa hupandikizwa katika tumbo la mwanamke mwingine. Wakati mwingine hata yai hutolewa na mtu wa tatu. Jambo hili si geni Afrika. Oktoba 1987 mwanamke mmoja wa Tzaneen, Afrika Kusini, alijifungua watoto watatu kwa mpigo ambao mayai yao yalitoka kwa binti yake. Yaani nyanya alizaa wajukuu zake. Lakini pale walisaidiana watu wa ukoo mmoja katika nchi moja. Mambo huwa magumu mimba inapobebwa chini ya bendera moja na mtoto akatakiwa kulelewa chini ya nyingine.

Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, walisema wahenga. Je, mzazi ni nani hapa? Kanuni ya Familia ya Kongo ya mwaka 1987 inajibu bila kuzungusha: umama hutokana na tendo lenyewe la kuzaliwa kwa mtoto. Aliyejifungua ndiye mama, hata kama yai si lake. Zambia nayo haijatunga sheria maalumu ya kubebewa mimba. Kwa hiyo mama anayesubiri nyumbani na kitanda cha mtoto, mbele ya karani anaweza kuwa mgeni kabisa.

Kenya iliona jambo hili mapema. Mwaka 2014 Mahakama Kuu ilisikiliza kesi ya mapacha waliozaliwa kwa njia hii. Ilipofika saa ya kuandika jina la mama, hospitali iliomba ushauri kwa idara ya watoto, na maofisa wakawachukua wale wachanga wakawapeleka kwenye makao ya watoto. Jaji Mumbi Ngugi aliamua kwamba haki za wahusika zilikiukwa, akaonyesha pia kuwa nchi inahitaji sheria. Muswada wa Mbunge Millie Odhiambo wa mwaka 2022 ulipita katika Bunge la Taifa Novemba 2025, ukikataza kubeba mimba kwa ajili ya faida. Anayepanga safari ya Nairobi aulize kwanza umefikia hatua gani, asitegemee maneno ya dalali.

Wafanyabiashara wetu wengi huitazama Afrika Kusini. Nchi hiyo ina sheria nzuri, lakini si mlango wa wageni. Sura ya 19 ya Sheria ya Watoto ya mwaka 2005 inataka mkataba wa maandishi uthibitishwe na Mahakama Kuu kabla mimba haijapandikizwa. Mwanamke anayebeba lazima awe na makazi yake ya kudumu nchini humo, na angalau mmoja wa wanaotaka mtoto pia. Malipo hayaruhusiwi, isipokuwa gharama za mimba, bima na mapato aliyopoteza. Mkataba usiofuata sheria hiyo ni batili, na mtoto huhesabiwa kuwa wa aliyemzaa. Mtu wa Kashikishi aliyelipa mamilioni kwa ahadi ya mdomo amenunua kesi.

Nchi za mbali ndizo zenye mafundisho makali zaidi. Mwaka 2008 mtoto aliyejulikana kama Manji alizaliwa India kwa ajili ya wanandoa Wajapani, nao wakawa wameachana kabla hajazaliwa. Japani ilimtambua mama kuwa yule aliyezaa, na sheria ya India haikumruhusu baba asiye na mke kuasili mtoto wa kike. Alikaa miezi bila pasipoti hadi alipoondoka na bibi yake. Thailand na Nepal zilifunga mlango kwa wageni mwaka 2015, Kambodia ikapiga marufuku 2016, na India ikafunga kwa wageni 2015 kisha ikatunga sheria kamili 2021. Mwaka 2020, mipaka ilipofungwa kwa sababu ya korona, makumi ya wachanga walilala hotelini Kyiv, Ukraine, wazazi wao wakiwa nchi nyingine. Mimba huchukua miezi tisa. Sheria hubadilika kwa siku moja.

Kila mfanyabiashara wa Mweru anajua kwamba Zambia hufunga uvuvi kuanzia mwanzo wa Desemba hadi mwisho wa Februari, na kwamba samaki anayeuzwa bila shida upande mmoja huweza kumtia mtu matatani upande wa pili. Sheria za uzazi ziko vivyo hivyo. Tofauti ni kwamba mtoto si mzigo wa kuachia forodhani ukaenda kutafuta mwingine.

Mtoto akishafika nyumbani, mambo yakoje? Katiba ya Zambia, kama ilivyorekebishwa 2016, inampa uraia kwa nasaba aliyezaliwa nje ikiwa mzazi au babu yake ni raia kwa kuzaliwa au kwa nasaba. Sheria ya Kongo ya Novemba 2004 inamtambua mtoto ambaye baba au mama ni Mkongo. Maana yake, baba akiandikwa vizuri kwenye cheti, mtoto ana pa kushika. Anayebaki nje ni mama, naye hulazimika kuomba kumwasili mwanawe mahakamani. Kwa Zambia, chini ya Sheria ya Kanuni za Watoto ya 2022. Na hukumu peke yake haifungui mpaka. Septemba 2013 serikali ya Kongo ilisimamisha vibali vya kutoka nchini kwa watoto walioasiliwa na wageni, na familia zenye hukumu mkononi zikabaki zikingoja.

Sisi tuliosoma katika kambi ya Kala, Kawambwa, na kurejea ilipofungwa mwaka 2010, hatuhitaji kufundishwa thamani ya karatasi. Mtoto aliyerudi na cheti cha kuzaliwa aliandikishwa shule. Asiye nacho, wazazi wake walizunguka ofisi hadi ofisi. Kama mtoto aliyezaliwa na mama mmoja asiyebishaniwa aliteseka hivyo, huyu mwenye mama wawili itakuwaje?

Iko pia mahakama isiyo na majengo, nayo ni ukoo. Washila, Wabwile, Wabemba na wengi wengine wa Luapula huhesabu ukoo upande wa mama. Mtoto wa yai la mke aliyebebwa na mwanamke wa nchi nyingine ni wa mukowa gani? Na yai likiwa la mtu wa tatu? Wahenga walisema kitanda hakizai haramu, lakini walikuwa wanasema kitanda cha mume na mke. Swali hili halitaulizwa siku ya sherehe. Litaulizwa siku ya msiba, au siku ya kugawa mali. Afadhali wajomba waambiwe mapema, wamkubali mtoto mbele ya mashahidi.

Tusimsahau anayebeba. Mimba ni hatari kwake, hasa ikiwa ya mapacha, na mara nyingi hubeba kwa sababu ya umaskini. Mwaka 2014 dunia ilishtuka mwanamke wa Thailand alipoachwa na mtoto mwenye ulemavu, wanandoa kutoka Australia wakiondoka na pacha wake. Oktoba 2025 Reem Alsalem, mtaalamu wa Umoja wa Mataifa kuhusu ukatili dhidi ya wanawake, alitaka utaratibu huu upigwe marufuku duniani. Wengine hujibu kwamba marufuku huupeleka vichochoroni, na kwamba bora ni sheria kali. Wote wawili wana hoja. Kwetu ziwani tahadhari iko wazi: binti akiahidiwa "kazi ya kubeba mimba" ng'ambo, halafu dalali ashike pasipoti yake, huo ni utumwa.

Basi afanyeje mwenye hamu ya mtoto? Kwanza, mume na mke wapimwe wote wawili, kwa maana kiasi cha nusu ya matatizo haya humhusu mwanamume pia. Magonjwa ya zinaa yasiyotibiwa huziba mirija, na kichocho, kinachopatikana kwenye maji yetu, huweza kudhuru uzazi wa mwanamke. Tiba ya mapema ni rahisi kuliko tiketi ya ndege. Pili, kabla ya kulipa chochote, aulize wanasheria wa nchi zote mbili: mgeni anaruhusiwa? Cheti kitaandikwa jina la nani? Ubalozi utatoa hati ya safari kwa vipimo gani vya vinasaba? Ikitokea talaka, kifo, mapacha au ulemavu, nani atawajibika? Tatu, mwanamke anayebeba awe na mwanasheria wake mwenyewe na matibabu hata baada ya kujifungua. Majibu yakikosekana, safari iahirishwe.

Lusaka na Kinshasa huzungumza mara kwa mara kuhusu ushuru na malori ya Kasumbalesa. Wakati umefika wazungumze pia kuhusu cheti cha mtoto huyu. Kabla hawajafanya hivyo, mzigo ni wa wazazi: cheti kwanza, mimba baadaye.