Kompyuta nayo inacheza bao

Najua nimeadimika, kazi zimebana. Wengi mnaniuliza kwenye simu, "Hivi huko Uingereza unafanya kazi gani hasa?" Nikijibu "naandika programu" mnanyamaza, halafu mnauliza habari za baridi. Leo naeleza kipande kimoja tu cha kazi hiyo, maana wiki hii kimenitia hasira, na nyie wacheza bao mtanielewa kuliko wenzangu wa ofisini.

Bao letu lina mashimo 32, safu nne za manane. Namba ndani ya kompyuta nayo mara nyingi ina mashimo 32, safu nne za manane vilevile (safu ndiyo baiti, shimo ndiyo biti). Ila shimo la kompyuta hubeba kete moja tu au liko tupu. Ukijumlisha kete ya pili shimo linakuwa tupu na kete moja inahamia shimo la jirani. Thamani za mashimo ni 1, 2, 4, 8, na kuendelea, kila moja mara mbili ya lililotangulia.

Zamani kumbukumbu ya kompyuta ilikuwa ghali sana, kwa hiyo wajanja wakafanya kila shimo kuwa bendera ya ndiyo au hapana. Unix, mfumo ulioanza mwaka 1969, mpaka leo unalinda mafaili hivyo: kusoma 4, kuandika 2, kuendesha 1. Mwenye 7 ana vyote, mwenye 5 anasoma na kuendesha lakini haandiki. Hapo sina ugomvi, bendera ni tatu tu na kila fundi anazijua kwa moyo.

Ugomvi wangu ni huu. Tumerithi programu ya maduka ya dawa kutoka kampuni nyingine (jina naliacha), na tahadhari zote za mgonjwa zimebanwa ndani ya namba moja. 1 ni kisukari, 2 presha, 4 mzio wa penisilini, 8 ujauzito. Mzee mmoja ana kisukari na mzio, namba yake 5. Mfamasia akaandikisha mzio kwa mara ya pili, kwa uangalifu tu. Aliyeandika programu alitumia kujumlisha, 5 na 4 ikawa 9. Yaani 8 na 1. Mzio umefutika, na babu wa watu amepata mimba!

Ofisi nzima ilicheka. Mimi nilicheka pia, kisha tumbo likanikata. Tumeligundua kwa sababu babu hawezi kuwa mjamzito. Je, shimo la 8 lingekuwa pumu? Nani angeshtuka? Angepewa penisilini yake akaenda nayo nyumbani.

Mwenzangu mmoja anasema dawa ni rahisi, badala ya kujumlisha tumia AU. Ni kweli, 5 AU 4 inabaki 5 hata ukirudia mara mia, na kuangalia kama bendera ipo unatumia NA, unaifunika namba kwa maski ili ubakie na shimo moja tu unalolitaka. Hilo tumelirekebisha siku ileile. Lakini mimi nasema halitoshi. Tahadhari ya mgonjwa ipewe safu yake yenye jina lake kwenye hifadhidata, "mzio wa penisilini: ndiyo", asome hata yule asiyejua mashimo. Maana kesho atakuja kijana mpya, ataona 9, ataijua vipi?

Wananijibu "nafasi". Nafasi gani jamani! Tahadhari nane kwa wagonjwa 100,000, hata ukimpa kila mtu baiti nzima kwa kila tahadhari, ni baiti 800,000. Picha moja ya harusi mnayonirushia inaweza kuzidi hapo. Kwenye kifaa kidogo chenye kumbukumbu finyu, sawa, bana unavyotaka. Kwenye seva ya leo ni ubahili usio na faida, na anayelipa ni mgonjwa.

Bosi amenipa hadi mwisho wa mwezi nimwonyeshe itachukua siku ngapi. Kwa hiyo ami, ukipiga simu nisipopokea, nipo nahesabu kete. Ile laptop ya Saidi mwambieni asiiguse, nitampigia Jumapili.