Filme za wasichana waasi wa Japani: hasira ya nani, faida ya nani?

Munamo miaka ya 1970, sinema za Japani zilijaa wasichana wakorofi: wakubwa wa magenge, wafungwa, wenye visu mkononi. Leo wapenzi wa filme hizo wanazisifu kwamba zilimpa mwanamke nguvu. Tuzitazame vizuri kabla ya kupiga makofi.

Chanzo chake kilikuwa pesa. Munamo mwaka wa 1958, watu waliokata tiketi za sinema inchini Japani walipita bilioni 1. Televisheni ikaingia nyumbani, na mwaka wa 1972 hesabu hiyo ilikuwa imeshuka chini ya milioni 200. Kampuni ya Nikkatsu ikageukia filme za ngono. Toei nayo ikachanganya ngono na mapigano, ikitafuta hasa wateja wanaume. Mwili wa msichana ukawa bidhaa ya kuokoa biashara.

Chukua filme ya mwaka wa 1972 kuhusu mfungwa namba 701, anayeitwa Nge, iliyoongozwa na Shunya Itō. Matsu anatumiwa na mpenzi wake, askari mpelelezi, kama chambo kwa wauza madawa ya kulevya. Anabakwa, kisha anatupwa. Anapojaribu kulipiza kisasi, anayefungwa ni yeye. Hadithi hiyo inashitaki polisi, gereza na wanaume wanaolindana. Lakini kamera hiyohiyo inayolaani ubakaji inawavua nguo Matsu na wafungwa wenzake ili mwenye tiketi afurahi. Huwezi kumtetea mtu huku unamuuza.

Wengine watasema: bila filme hizo, Meiko Kaji aliyeigiza Matsu asingepata sifa aliyo nayo. Ni kweli, ila kilichompa sifa hakikutoka kwa wenye kampuni. Aliondoka Nikkatsu ilipogeukia ngono. Huko Toei, alikataa matusi ambayo Matsu anatamka katika kitabu cha vibonzo, akataka asiseme karibu neno lolote. Ukimya ule na macho yale ndivyo vinavyokumbukwa hadi leo.

Hatusemi filme hizo zichomwe. Zitazamwe, lakini sifa imwendee mwenyewe: mwigizaji aliyejitetea ndani ya biashara iliyotaka mwili wake. Na kila filme inayotuonyesha mwanamke akiteswa ili baadaye alipize, tuulize: dakika ngapi ni za mateso, na nani alilipa ili ayatazame?