Aibu Yetu Ndiyo Inayolinda Makao Mabovu ya Wazee

Katika familia nyingi za Dar es Salaam na Nairobi, wazo la kumpeleka mzazi kwenye makao ya wazee halitamkwi mpaka mambo yameharibika kabisa. Mama ameshatoka usiku wa manane akitafuta nyumba aliyoishi akiwa binti. Hamtambui tena mwanawe. Akipelekwa kuoga hupiga mayowe na kurusha mikono, na dada wa kazi wa tatu ameshafungasha. Hapo ndipo mmoja anathubutu kusema, na kikao kizima kinamgeukia: unataka kumtupa mama?

Swali hilo linatupoteza. Ugonjwa wa Alzheimer ukifika hatua za mwisho, mgonjwa anahitaji mtu aliye macho usiku na mchana. Kumeza kunakuwa kazi, hivyo lazima alishwe polepole akiwa amekaa wima, la sivyo chakula huingia njia ya hewa na kumletea nimonia. Asipogeuzwa kitandani kila baada ya saa chache, kiuno na visigino hufanya vidonda. Upendo peke yake haufundishi mambo haya. Na ile familia tunayoisifu kwa kutunza wazee, mara nyingi ni mtu mmoja: binti au mkamwana aliyeacha kazi yake, huku wengine wakituma michango kwa simu.

Wako wanaogawana kwa zamu, mwezi huu kwa kaka mkubwa Mbezi, mwezi ujao kwa dada Moshi. Kwa watoto ni haki. Kwa mgonjwa ni mateso, kwa sababu kila nyumba ina choo asichojua kilipo na sura asizozizoea, na kila akihamishwa hofu inazidi. Nyumba moja tulivu, yenye walezi walewale kila siku, ingemfaa kuliko nyumba nne za watoto wanaompenda.

Wala si kweli kwamba nyumbani ni salama siku zote. Kaunti ya Kilifi, pwani ya Kenya, wazee wameuawa kwa tuhuma za uchawi, na kituo cha Kaya Godoma huko Ganze kimewahifadhi waliokimbia vitisho, vingine vya jamaa zao wenyewe. Mzee anayetangatanga usiku, anayevua nguo hadharani au kuzungumza peke yake huenda ana ugonjwa ambao daktari Mjerumani Alois Alzheimer aliueleza tangu mwaka 1906. Majirani wasioujua wanaona mchawi.

Basi apelekwe wapi? Makazi ya wazee ya serikali ya Tanzania, kama Nunge kule Kigamboni, Kolandoto Shinyanga na Bukumbi Mwanza, yamekusudiwa wazee wasiojiweza na wasio na wa kuwatunza. Kinachotazamwa mlangoni ni ufukara na upweke. Mama mwenye watoto watano walioajiriwa hana sifa, hata kama hakuna hata mmoja kati yao anayeweza kukesha naye. Na wagonjwa si wachache: utafiti uliofanyika wilayani Hai, Kilimanjaro, ulikuta kwamba asilimia 6.4 ya watu wenye umri wa miaka 70 na zaidi wana ugonjwa wa kusahau.

Yanabaki makao ya binafsi, na hapa ndipo aibu yetu inapoleta madhara. Familia humpeleka mzazi kwa siri. Wakiulizwa, mama yuko Arusha kwa mdogo wake. Aliyeficha hawezi kulalamika. Akimkuta mama amefungwa mkono kwenye chuma cha kitanda, au amelewa dawa ya usingizi saa nne asubuhi, anameza uchungu wake, maana kushtaki ni kujitangaza. Mwenye makao analijua hilo. Bila malalamiko hakuna ukaguzi, na bila ukaguzi watu wanaendelea kuamini kwamba makao yote ni ya kutupia wazee.

Anayetafuta mahali asiende saa nne asubuhi, wakati sakafu imepigwa deki na wazee wamepangwa barazani. Aende magharibi, saa ambayo wagonjwa wengi wa Alzheimer huanza kuhangaika, kulia na kudai kwenda kwao. Atazame walezi wanafanya nini: wanafoka, wanatoa kidonge, au wanamshika mtu mkono na kutembea naye? Aulize usiku wanabaki walezi wangapi kwa wazee wangapi. Aangalie kama chakula kimeachwa kikapoa mbele ya asiyeweza kukifikisha mdomoni, na aombe kuonyeshwa visigino vya mzee aliyelala muda mrefu.

Aulize pia lugha. Wagonjwa wengi hupoteza kwanza lugha walizojifunza ukubwani. Bibi aliyefundisha kwa Kiswahili miaka yote anaweza kubaki na Kichaga au Kiluo cha utotoni, na mlezi asiyemwelewa atadhani anapayuka, kumbe anaomba maji. Kwa mama wa Kiislamu, nani atamwogesha na kumbadilisha nepi si jambo dogo hata kidogo. Makao yasiyouliza mambo haya siku ya kwanza, mimi nisingemwacha mzazi hapo.

Itifaki ya Umoja wa Afrika kuhusu haki za wazee, iliyopitishwa mwaka 2016, inataka huduma ya makao iwe ya hiari, ya gharama inayomudika na yenye viwango vya chini vya kitaifa. Nianze na hivyo viwango, kwa sababu havihitaji majengo mapya. Afisa ustawi wa jamii apewe orodha ya kila nyumba inayopokea fedha kwa ajili ya kulea wazee, aruhusiwe kuingia bila taarifa, usiku pia, na asome daftari la dawa. Wakati huohuo wauguzi wa zahanati wawafundishe wanaolea nyumbani namna ya kulisha na kugeuza mgonjwa, kwa kuwa wengi watabaki huko. Na wale wenye wazazi kwenye makao waseme wazi wazazi wao wako wapi, ili ndugu na majirani waende kuwaona, na mwenye makao ajue kwamba mgeni anaweza kubisha hodi saa yoyote.