Ruzizi III: vita dhidi ya rushwa ianzie Kasha, isiishie Paris

Mradi wa bwawa la Ruzizi III umerudi kwenye meza za mabenki na za serikali tatu za Maziwa Makuu. Kabla ya mashine ya kwanza kuchimba udongo upande wa Kamanyola, kuna swali linalopaswa kujibiwa: nani atamlinda mkaaji wa Kasha asilipe, kupitia bei ya umeme wake, rushwa ambayo hakuila?

Kampuni kubwa zinazokuja kujenga zina jibu tayari. Zinasema zina mpango wa ndani wa kuzuia rushwa, ule ambao maofisini huitwa konformite: kanuni za mwenendo, mafunzo, namba ya simu ya kutoa taarifa, wakaguzi. Jibu hilo si la kudharauliwa. Lakini mipango ya aina hiyo huandikwa kwanza ili kuikinga kampuni mbele ya majaji wa Paris, London na New York. Mkaaji wa Bukavu huja mwishoni, kama anafikiriwa kabisa.

Kasha iko katika komini ya Bagira, mbali na Kamanyola. Hata hivyo mambo ya mto huu yanaihusu moja kwa moja. Bwawa la Ruzizi I, lenye uwezo wa karibu megawati 29, linafanya kazi tangu mwishoni mwa miaka ya 1950. Ruzizi II, karibu megawati 44, ilifuata mwaka 1989 chini ya SINELAC, kampuni ya pamoja ya Kongo, Rwanda na Burundi yenye makao yake Bukavu. Mto unaanzia hapa mjini, lakini delestaji haijaisha. Mafundi wa kuchomelea wanasubiri umeme urudi usiku ndipo wafanye kazi. Kina mama wananunua makala kila siku. Ruzizi III imepangwa kutoa megawati 206 kwa nchi hizo tatu. Kwa kijana wa Kasha, hiyo ni ahadi ya kazi kwenye ujenzi na ahadi ya umeme usiokatika ovyo.

Tena safari hii mradi unaendeshwa kwa ubia na kampuni binafsi, si na serikali peke yake. Julai 2024, TotalEnergies ya Ufaransa ilitangaza kwamba inanunua SN Power kutoka kampuni ya Norway, Scatec, kwa dola milioni 167. Pamoja na SN Power, ilipata sehemu katika bwawa la Bujagali nchini Uganda, na katika miradi ya Mpatamanga nchini Malawi na Ruzizi III. Hivyo moja ya kampuni kubwa za nishati duniani imekuwa mshiriki katika mto wa Bukavu.

Kampuni hiyo inaijua habari ya rushwa kwa uzoefu. Mwaka 2013, ilipokuwa bado inaitwa Total, ilikubali kulipa Marekani dola milioni 398 ili kumaliza kesi ya hongo nchini Iran. Kwa mujibu wa wachunguzi wa Marekani, karibu dola milioni 60 zilipitia kwa madalali ili kupata haki za kuchimba mafuta na gesi. Juu ya faini, kampuni ililazimika kumpokea mkaguzi huru kwa miaka mitatu, akiangalia jinsi inavyojenga mpango wake wa kuzuia rushwa. Mwaka 2018, mahakama ya Paris iliitoza faini ya euro 500,000 kwa jambo hilohilo.

Katikati ya kesi hizo mbili, Ufaransa ilitunga sheria inayoitwa Sapin II, ya Desemba 2016. Sheria hiyo inazidai kampuni kubwa, zile zenye wafanyakazi wasiopungua 500 na mapato ya zaidi ya euro milioni 100, mambo manane. Kuwe na kanuni za mwenendo. Kuwe na njia ya kutoa taarifa. Kampuni ichore ramani ya hatari, yaani ijue ni wapi katika kazi zake rushwa inaweza kuingia. Ichunguze wateja, wauzaji na madalali kabla ya kufanya nao kazi. Mahesabu yakaguliwe. Viongozi na watu walio kwenye nafasi za hatari wafundishwe. Adhabu ziwepo. Na mpango wenyewe upimwe kama unafanya kazi. Matawi ya kampuni hiyo nje ya Ufaransa nayo yanaingia humo.

Kwenye karatasi, basi, kila kitu kipo. Kazi ngumu ni kuyashusha mambo hayo manane mpaka kwenye barabara ya vumbi.

Tuanze na ramani ya hatari. Mtu aliye Paris atachora waziri anayesaini leseni, ofisi ya kodi na forodha. Ni sawa. Lakini mradi wa bwawa una milango midogo mingi. Kuna orodha ya watu watakaolipwa fidia ya mashamba: nani ameandikwa, nani ameongezewa migomba ambayo hakuipanda, nani amefutwa kwa sababu hakutoa kitu. Kuna orodha ya vibarua, ambapo mtu wa katikati anaweza kudai mshahara wa mwezi wa kwanza ili jina lipite. Kuna vizuizi vya barabarani ambako lori la sementi halipiti bure. Na nyaya zitakapofika mjini, kuna yule anayejitambulisha kuwa mtu wa umeme na kuomba pesa ya maji kabla ya kugusa nguzo. Hakuna hata kimoja kati ya hivi kitakachoonekana kwenye mahesabu kwa jina la rushwa. Kitaitwa usafiri, motisha au gharama nyingine.

Halafu kuna watu wa katikati, na hapa Kongo ina somo lake yenyewe. Mei 2022, kampuni ya Glencore ilikiri kosa mbele ya mahakama ya Marekani. Ilikubali kwamba ililipa karibu dola milioni 27.5 kwa watu wa katikati, ikikusudia sehemu ya pesa hizo iwe hongo kwa maofisa wa Kongo. Desemba mwaka huo ilikubaliana na serikali ya Kinshasa kulipa dola milioni 180 kumaliza madai ya miaka ya 2007 hadi 2018. Pesa hazikutoka mkono wa kampuni kwenda moja kwa moja mfukoni mwa ofisa. Zilipita kwa mshauri, kwa dalali, kwa ankara.

Ruzizi III itakuwa na ankara nyingi. Sheria ya Kongo ya Februari 2017 kuhusu sutretansi inataka kazi ndogondogo za miradi zipewe kampuni ambazo mtaji wake ni wa Wakongo kwa sehemu kubwa. Ni sheria nzuri, kwa kuwa bila hiyo hata kupika chakula cha wafanyakazi kungepewa mgeni. Lakini ni mlango pia. Kampuni iliyosajiliwa jana, isiyo na lori wala fundi, inaweza kushinda zabuni kwa sababu mwenye mali wa kweli ni mkubwa fulani aliyejificha nyuma ya jina la shemeji yake. Mpango wa kuzuia rushwa usiouliza nani ndiye mwenyewe hasa, na usiochapisha jibu, haujazuia kitu.

Mlango mwingine ni ulinzi. Kivu ya Kaskazini iliwahi kuona jambo hilo wakati kampuni ya Uingereza, SOCO, ilipotafuta mafuta ndani ya Hifadhi ya Virunga. Mwaka 2015, shirika la Global Witness lilichapisha nakala za hundi zilizoonyesha kampuni ikimlipa ofisa wa jeshi makumi ya maelfu ya dola. SOCO ilikana kwamba ilikuwa hongo. Vyovyote ilivyokuwa, jina la kampuni lilichafuka, na watu wa kando ya Ziwa Edward walibaki na swali la nani alikuwa akimlinda nani. Mradi unaojengwa katika eneo lenye silaha lazima useme mapema na kwa maandishi ni nani analipwa kwa ulinzi, kiasi gani, kupitia akaunti ipi.

Swali hilo limekuwa zito zaidi tangu AFC/M23 ilipoingia Bukavu Februari 2025. Mikataba ilisainiwa na serikali ya Kinshasa, huku ushuru na vizuizi vya hapa mjini viko mikononi mwa wengine. Kampuni itakayolipa pande zote mbili kimyakimya, ikisema hiyo ni siasa na si rushwa, itakuwa imemwongezea mwananchi mzigo mara mbili.

Wapo wanaopinga, na hoja yao haipaswi kupuuzwa. Wanasema: hapa bila kitu kidogo hakuna kinachosogea. Karatasi italala mezani, mashine zitakwama mpakani, na mwishowe mradi utaondoka, vijana wabaki bila kazi. Wanaongeza kwamba mtumishi asiyepata mshahara miezi kadhaa si mwizi, ni mtu mwenye njaa. Katika ripoti ya Transparency International ya mwaka 2024, Kongo ilipata alama 20 juu ya 100, kwa hiyo hakuna anayeshangaa.

Lakini hoja hiyo inasahau nani analipa mwishoni. Umeme wa Ruzizi III utauzwa kwa mashirika ya umeme kwa mkataba wa miaka mingi, kwa bei inayotokana na gharama ya ujenzi. Kila dola inayopotea leo kwenye ankara ya uongo itaingia katika gharama hiyo, na mtoto aliyezaliwa Kasha mwaka huu ataikuta akiwa mtu mzima. Tena anayetoa hongo ya kwanza anajulikana haraka. Kizuizi kimoja kikilipwa, wiki ijayo vitakuwa vitatu. Kampuni inayokataa tangu siku ya kwanza itachelewa, ndiyo. Uchelewaji huo uwekwe kwenye ratiba na kwenye bajeti, ili meneja wa eneo la ujenzi asilazimike kuchagua kati ya kanuni na tarehe ya kumaliza kazi. Mipango mingi huvunjika hapo, kwa sababu makao makuu yanamfundisha meneja uadilifu asubuhi, na jioni yanampigia simu kuuliza kwa nini sementi haijafika.

Kutegemea woga wa mahakama za mbali hakutoshi pia. Februari 2025, Rais Donald Trump aliamuru utekelezaji wa sheria ya Marekani ya mwaka 1977 dhidi ya hongo za nje usimamishwe kwa siku 180. Uliporudi, Juni mwaka huohuo, ulikuja na masharti mapya. Sheria ya Ufaransa bado ipo, lakini funzo ni wazi: mjengo wote ukiegemea ukuta wa jirani, jirani akibomoa, umeanguka.

Afrika imeonyesha kwamba inaweza kusimamisha ukuta wake. Lesotho, nchi ndogo isiyo na pesa nyingi, ilimfungulia mashtaka mkurugenzi wa mradi wake wa mabwawa ya milimani na kumfunga mwaka 2002. Mwaka huohuo mahakama zake ziliitia hatiani kampuni ya Kanada, Acres, kwa kupitisha hongo kwa dalali. Mwaka 2004, Benki ya Dunia iliizuia Acres kupata kandarasi zake kwa miaka mitatu. Kesi ilianzia Maseru, mji mkuu wa nchi yenyewe, ndipo Washington ikafuata.

Nini kifanyike hapa? Mambo manne yanawezekana kabla ya ujenzi kuanza. Kwanza, orodha za fidia na za vibarua zibandikwe hadharani, kwenye ofisi za groupement na za kartie, majina na kiasi, na watu wapewe siku za kupinga. Pili, majina ya wenye mali wa kweli wa kila kampuni ya sutretansi yachapishwe. Tatu, njia ya kutoa taarifa isiwe anwani ya intaneti ya Kifaransa na Kiingereza tu. Iwe namba ya bure inayopokelewa kwa Kiswahili, Mashi na Kifuliiru, na mtu wa nje ya kampuni aipokee. Atakayetoa taarifa alindwe jina lake, na baada ya muda uliotajwa aambiwe kilichofanyika. Mtu wa hapa akipiga simu mara moja bila kujibiwa, hatapiga tena, na atawaambia majirani. Nne, malipo yote kwa serikali, kwa mamlaka za eneo na kwa ulinzi yatangazwe kila baada ya miezi sita.

Mashirika ya raia ya Bukavu nayo yana kazi. Yasisubiri kualikwa kwenye semina ya hotelini yenye posho. Yaombe kuiona ramani ya hatari, na yaulize kama jina la Kamanyola, la Bukavu na la vizuizi vya barabarani limo. Kama kampuni itasema ni siri ya ndani, angalau wakaaji watajua tangu sasa kwamba mpango huo haukuandikwa kwa ajili yao, na watakuwa na haki ya kudai mwingine kabla ya kutoa mashamba yao.